Jinsi ya Kufunga Bajaji Juu ya Tela

 

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtu asiyelijua laweza kuonekana dogo, nalo ni jinsi ya kuifunga bajaji juu ya tela ili isafirishwe salama. Najua wako watakaosema, "Jambo hili halina haja ya mazungumzo. Kamba ni kamba, na mzigo ni mzigo." Hao nawaomba wanivumilie kidogo. Mzigo ukianguka barabarani hauharibu mali ya mwenyewe peke yake. Humwangukia pia mtu ajaye nyuma, ambaye hakuulizwa habari ya kamba wala ya mafundo.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko kijana wa Mjimwema, pale Njombe, ambaye kila siku huchukua abiria kwa bajaji yake. Bajaji hiyo aliipata kwa mkopo, naye hulipa kidogo kidogo kila juma. Asubuhi moja injini inakataa kuwaka. Fundi wa jirani anaitazama, anatikisa kichwa, anamwambia kwamba kazi hii yamhitaji fundi mwenye vyombo zaidi, naye yuko Makambako. Toka Njombe hata Makambako ni kilomita 60 hivi. Rafiki mmoja ana pikapu, na mwingine ana tela. Basi wanaipandisha bajaji, wanaizungushia kamba mara mbili juu ya paa, kisha mmoja wao anaitikisa kwa mkono na kusema, "Haiendi popote." Wakaondoka.

Maneno hayo, "Haiendi popote," ndiyo nitakayo tuyapime leo. Bajaji iliyosimama uani kweli haiendi popote. Lakini juu ya tela bajaji yenda kasi ile ile ya gari linaloivuta, na gari lisimamapo ghafula, bajaji haijui kwamba safari imesimama. Yenyewe hutaka kuendelea.

Watu wa Njombe ni wazoefu wa kufunga mizigo. Kila siku hupita malori yaliyojaa mbao, na malori yaliyojaa magunia ya viazi. Lakini angalieni tofauti. Gunia la viazi likiisha kulazwa hulala. Mbao hulaliana, na uzito wa zile za juu huzishika zile za chini. Bajaji hailali. Imesimama juu ya matairi yajaayo upepo, na juu ya matairi kuna springi, na kazi ya springi ni kucheza. Kwa hiyo mwenye kufunga bajaji hufunga kitu ambacho kimeundwa kwa makusudi ili kitembee na kirukeruke. Maarifa ya viazi hayatoshi.

Tena yafaa tujue asili ya chombo chenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Vespa katika mwaka 1946. Katika mwaka 1948 ikatoa ndugu yake mwenye magurudumu matatu, akaitwa Ape, maana yake nyuki. Aliyevibuni vyote viwili ni mhandisi Corradino D'Ascanio. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ikapata ruhusa ya kuunda vyombo vya namna hiyo, na jina la kampuni hiyo ndilo tulilolifanya kuwa jina la kila chombo cha magurudumu matatu, hata kiwe kimeundwa na kampuni nyingine. Nawaeleza haya kwa sababu moja. Mbele ya bajaji ni mbele ya pikipiki, yenye gurudumu moja na usukani wa mikono, bali nyuma yake ni nyuma ya gari dogo, yenye magurudumu mawili na injini. Uzito mwingi uko nyuma. Mbele ni pepesi, na pembe mbili za mbele, kulia na kushoto, hazina mguu wa kuzisimamisha.

Hapo ndipo ilipo siri ya mazungumzo yetu. Meza ya miguu mitatu husimama vizuri katika sakafu iliyotulia. Lakini isukumeni kwa upande, katika pembe isiyo na mguu, nayo huinama mara moja. Ndivyo ilivyo bajaji katika kona, hasa dereva akishika breki na huku anakata kona. Juu ya tela, mguu ule uliokosekana hapana budi kuutia sisi wenyewe, kwa kamba. Kwa hiyo nasema, kamba ndiyo gurudumu la nne.

Sasa tuhesabu nguvu. Bajaji tupu ya abiria ina uzito wa kilo 350 hivi, nyingine hupungua na nyingine huzidi, kadiri ya aina. Katika kanuni za kufunga mizigo zitumikazo Ulaya, vifungo hutakiwa viweze kuzuia nguvu ya kwenda mbele iliyo sawa na sehemu 8 katika 10 za uzito wa mzigo, na nguvu ya kwenda pembeni au nyuma iliyo sawa na nusu ya uzito. Kwa bajaji yetu, maana yake ni kwamba gari likishika breki kwa nguvu, kuna msukumo wa kilo 280 kwenda mbele. Katika kona kali kuna kilo 175 kwenda ubavuni. Yule rafiki aliyeitikisa kwa mkono mmoja, je, alisukuma kilo 280? Hakusukuma hata kilo 30.

Basi na tuanze kazi, hatua kwa hatua.

Kwanza, tela lenyewe. Bajaji ya abiria ina urefu wa mita 2.6 hivi, upana wa mita 1.3, na kimo cha mita 1.7. Tela liwe na sakafu inayoipokea yote, na nafasi ibaki kila upande ya kupitisha kamba na mkono wa mtu. Tazameni sakafu, isiwe imeoza. Tazameni pete za chuma za kufungia kamba, ziwe zimeshikana na fremu ya tela. Pete iliyopigiliwa katika ubao kwa misumari miwili hung'oka pamoja na misumari yake. Kisha tazameni matairi ya tela, taa zake, na ndoano inayolishika gari.

Pili, kupandisha. Pikipiki hupandishwa kwa ubao mmoja. Gari hupandishwa kwa mbao mbili. Bajaji yataka mbao tatu, maana gurudumu la mbele halipiti katika njia ya magurudumu ya nyuma, bali hupita katikati. Watu wengi huleta mbao mbili, kisha gurudumu la mbele linapofika ukingoni hulinyanyua kwa mikono, na hapo ndipo migongo huumia na vidole hubanwa. Ninyi wa Njombe hamna udhuru, kwa kuwa mbao ziko kwenu tele. Chagueni nene, ndefu, zisizo na ufa, na kila moja ifungwe katika tela isiteleze kwa nyuma.

Kabla ya kupandisha, toeni kila kitu kilicholegea ndani, kama vyombo, chupa, na gurudumu la akiba lisilofungwa. Fungeni bomba la petroli, kama lipo. Isukumeni bajaji kwa mikono, mkiwa watu wawili nyuma na mmoja usukanini. Mtu wa nne atembee kando ya gurudumu la nyuma, mkononi ana kabari, tayari kuitia nyuma ya gurudumu mara wasukumaji wanapochoka. Asiwepo mtu yeyote aliyesimama katikati, chini ya bajaji inayopanda.

Tatu, mahali pa kuisimamisha. Jambo hili wengi hulisahau. Ikiwa uzito umezidi nyuma ya magurudumu ya tela, mkono wa mbele wa tela hunyanyuka, na safarini tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki, kisha humvuta hata dereva hodari nje ya njia. Kanuni nzuri ni kwamba sehemu 1 katika 10 ya uzito wote, yaani tela pamoja na mzigo wake, iulemee mkono wa mbele. Vyote vikiwa kilo 600, basi kilo 60 ziwe pale. Kipimo cha nyumbani ni hiki: kabla ya kulifunga tela katika gari, mtu mmoja mwenye nguvu ajaribu kuunyanyua ule mkono. Ukipanda kwa shida, ni vema. Ukipanda kwa wepesi kama mpini wa jembe, uzito uko nyuma mno. Tena kumbukeni kwamba injini ya bajaji iko nyuma. Kwa hiyo bajaji iliyopandishwa kwa kutanguliza uso yafaa isogezwe mbele hata kipimo kikubali. Ikiwa sakafu ni fupi na kipimo kinakataa, ishusheni, muipandishe kinyumenyume, injini ikae upande wa gari. Hapo tena mpime, usije uzito ukazidi mbele.

Nne, kabari. Vuteni breki ya mkono, lakini msiitegemee, kwa maana breki hushika magurudumu tu, nayo bajaji huweza kuteleza pamoja na magurudumu yake yaliyoshikwa. Kila gurudumu liwekewe kabari mbele na nyuma. Magurudumu matatu, kabari sita. Mti wa mkaratusi ni mgumu kuliko msindano, nao wafaa zaidi kwa kazi hii. Kabari zipigiliwe katika sakafu. Kabari isiyopigiliwa huruka penye tuta la kwanza. Kisha pigilieni gogo moja kukingama sakafu, mbele ya bajaji, ligusane na gurudumu. Gogo hili litapokea sehemu kubwa ya ule msukumo wa kilo 280, nalo halichoki kama kamba.

Tano, kamba zenyewe. Wahenga walisema, "Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa." Ni kweli, kamba kuukuu yashinda ukambaa mpya. Lakini hata kamba kuukuu ina mwisho wake. Ipitisheni yote katika viganja, toka ncha hata ncha. Ikiwa nyuzi zimekatika, au pana mahali pamekonda, hapo ndipo itakapokatika, nayo haitachagua saa. Afadhali kupata mikanda ya kufungia mizigo, ile yenye kikaza cha chuma chenye meno. Mkanda mzuri una kibandiko chenye herufi LC na nambari kwa kipimo cha daN, na daN 1 ni karibu sawa na uzito wa kilo 1. Mkanda ambao kibandiko chake kimeng'oka hakuna ajuaye nguvu zake. Ama vipande vya mipira ya matairi, ambavyo twapenda kuvitumia kwa kila kazi, vifungieni kuku na vikapu. Mpira huvutika, na kitu kinachovutika hakizuii kilo 280. Vitumieni kwa kazi nyingine iliyo njema, yaani kuvitandika penye ncha kali ya chuma, ili kamba isisagike.

Tunafunga wapi? Kwanza nitasema mahali pasipofungwa. Msifunge juu ya paa, kwa kuwa paa la bajaji ni turubai juu ya vyuma vyembamba. Kamba hulibonyeza, vyuma hupinda, na kamba hubaki imelegea. Msifunge katika usukani, maana huzunguka. Msifunge katika bomba la breki, wala katika shafti zinazozungusha magurudumu ya nyuma. Fungeni katika fremu, yaani mifupa ya bajaji, chini ya sakafu.

Kamba kubwa ni nne. Mbili zatoka katika fremu ya nyuma, kulia na kushoto, nazo zaenda nyuma na nje hata pembe za nyuma za tela. Mbili zatoka katika fremu chini ya sakafu ya dereva, kulia na kushoto, nazo zaenda mbele na nje hata pembe za mbele. Kila moja ishuke kwa mshazari, wala isilale sana wala isisimame wima, ili ivute chini na pembeni kwa pamoja. Hizo mbili za mbele ndizo mguu ule uliokosekana. Kamba ya tano, iliyo nyembamba, ishike mguu wa chuma wa gurudumu la mbele, chini, karibu na gurudumu, ili lisigeuke huku na huku.

Sasa nawauliza swali. Kamba gani huizuia bajaji isiende mbele wakati wa breki? Wengi hujibu, "Zile za mbele." Sivyo. Mbuzi anayekimbia mbele huzuiwa na kamba iliyofungwa nyuma yake. Kamba za nyuma ndizo zinazozuia kwenda mbele, na kamba za mbele ndizo zinazozuia kurudi nyuma. Hayo nayasema kwa bajaji iliyoelekeza uso kwa gari. Iliyopandishwa kinyumenyume, hesabu yake hugeuka, nayo fremu ya uso ndiyo itakayobeba msukumo wa breki. Vyovyote iwavyo, kwa kuwa msukumo mkubwa kupita yote ni ule wa breki, kamba zilizo bora zifungwe upande ulio mbali na gari. Wale wanaotumia kamba nzuri karibu na gari na ile mbovu upande wa mwisho, wamegeuza mambo.

Kazeni hata springi zishuke kiasi cha nusu ya mwendo wao. Zikilegea, kila shimo litaishusha bajaji na kamba italegea, kisha bajaji itapanda na kuivuta kamba kwa ghafula. Kamba inayostahimili mvuto wa polepole hukatwa na mvuto wa ghafula. Lakini msizikaze springi hata mwisho, maana hapo mtaviumiza vyuma. Kwa kamba ya kawaida, tumieni lile fundo wanalolitumia wenye malori ya mbao, la kutia kitanzi katikati ya kamba, kupitisha ncha katika pete ya tela na kurudi katika kitanzi, kisha kuvuta chini. Kitanzi hufanya kazi kama kapi, na nguvu ya mkono mmoja huzidi.

Sita, maji na jua. Kamba ya katani ina tabia yake. Ikilowa hujikaza na kuwa fupi, ikikauka hurefuka na kulegea. Njombe ni nchi ya ukungu na manyunyu ya asubuhi. Kijana wetu akifunga alfajiri kwa kamba iliyolala nje, ataiona imekaza kama uzi wa zeze. Jua likichomoza njiani, kamba itakauka, nayo italegea pasipo mtu kuigusa. Kwa hiyo simameni baada ya kilomita 5 za kwanza, mkaze. Simameni tena nusu ya njia, mkaze. Kwa safari ndefu, kama ile ya kuleta bajaji toka Dar es Salaam, simameni kila baada ya saa moja, na hasa chini ya Mlima Kitonga kabla ya kupanda, kwa maana penye mlima uzito wote huvuta nyuma.

Mwisho nasema juu ya desturi moja mbaya, ambayo ndiyo iliyonifanya nichague mazungumzo haya. Mara nyingi, kamba zisipoaminika, kijana mmoja huambiwa aketi ndani ya bajaji juu ya tela, ashike breki, au asimame kando aishike kwa mikono. Ndugu zangu, mtu si kamba. Bajaji ikipinduka yenda pamoja naye, tena huwa chini yake. Kama mmefunga vema, mtu huyo hana kazi pale. Kama hamkufunga vema, hataweza kuzuia kilo 280 kwa mikono yake. Mpeni nafasi ndani ya gari. Gari likiwa limejaa, na apande basi.

Yule kijana wa Mjimwema akifanya haya yote, atachelewa kuondoka kwa muda wa saa moja hivi. Atapoteza saa hiyo, na bei ya kamba mbili. Lakini bajaji ile ni chakula cha nyumba yake, na deni lake bado linahesabiwa iwe inatembea au imelala mtaroni. Na yule mama atembeaye kando ya barabara, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, hatajua kamwe kwamba asubuhi ile kulikuwa na mtu aliyepigilia kabari sita kwa ajili yake. Kutojua huko ndiko amani yake.

Mbao tatu, kabari sita, kamba tano, na kusimama njiani kutazama. Hayo yashikeni.

Kwa herini.